Kuni, mkaa, gesi au umeme: nani analipa gharama Nyanda za Juu Kusini?

Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Makete hushuka hadi karibu na sifuri, na kule Kitulo majani huamka yamegeuka meupe kwa sakitu. Tukuyu ni ukungu na manyunyu. Mbeya mjini watu hawavui makoti hadi jua lipande vizuri. Ndiyo maana jiko la huku lina kazi mbili: linapika, na watu wanaota moto. Maelezo mengi ya nishati safi ninayoyasoma yameandikwa kana kwamba Watanzania wote wanaishi Dar es Salaam, ambako chakula kikiiva kila mtu analikimbia jiko. Ushauri unaofaa Dar ukiuleta Njombe bila kuugusa unaacha nusu ya shida palepale, na nusu hiyo ndiyo inayoua watu usiku.

Hapa nalinganisha nishati tunazozitumia na zile zinazotajwa kuja. Maswali yangu ni matatu: nani anaumia pale inapotumika, nani anaumia kule inakotoka, na ardhi, maji na hewa vinabakije. Bei nitaigusa panapobidi. Msimamo wangu niuseme mapema: nishati zinazotuumiza zaidi ni zile tulizozizoea. Tunajadili kwa hofu urani ya Namtumbo, madini ya kuendeshea vinu vya nyuklia, na mabwawa makubwa, na tunayo haki ya kuyajadili, lakini moshi ulio jikoni kwa mama hauitishiwi kikao.

Kuni

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani, na kati ya hivyo zaidi ya 237,000 ni vya watoto wa chini ya miaka mitano. Hapa Tanzania serikali imekuwa ikitaja vifo vipatavyo 33,000 kila mwaka. Mtoto anayebebwa mgongoni wakati mama anapuliza moto anavuta vumbi laini la moshi linaloshuka hadi ndani kabisa ya mapafu, na nimonia humpata kirahisi. Mama mwenyewe, baada ya miaka ishirini au thelathini ya mafiga matatu, anabaki na kikohozi kisichopona, moyo uliochoka, na mtoto wa jicho. Daktari anaandika ugonjwa. Jiko haliandikwi popote.

Ila kuni za Nyanda za Juu zina jambo ambalo kuni za sehemu nyingine hazina. Mufindi, Njombe na Makete watu wanapanda miti kama wanavyopanda mahindi: mipaini, milingoti (yaani mikaratusi), miwati. Msitu wa Sao Hill uko Mufindi, na kuzunguka wilaya nzima kuna mashamba ya watu binafsi, ya ekari mbili, ekari tano. Kuni zinazotokana na matawi na mabaki ya miti iliyopandwa, na kupandwa tena, haziondoi msitu wa asili, na hewa ya ukaa inayotoka hurudishwa na miti inayokua. Kwa hiyo kwa upande wa mazingira, kuni za miwati ya Njombe na kuni zilizokatwa kwenye miombo ya Chunya kukaushia tumbaku haziwezi kuwekwa fungu moja, ingawa kwenye takwimu zote zinaitwa kuni.

Tahadhari moja: mlingoti unakunywa maji sana. Ukipandwa bondeni kwenye vinyungu, yaani bustani za ardhi yenye unyevu, chemchemi inapungua, na bustani za kiangazi zinakufa. Mlingoti mahali pake ni mlimani, mbali na chanzo cha maji.

Kinachobaki kuwa kibaya kwenye kuni hizi ni moshi, na moshi unaweza kutolewa nje. Jiko banifu la udongo au matofali lenye bomba la moshi linalopita juu ya paa, likipewa kuni zilizokauka vizuri, linapunguza sana kile anachokivuta mpishi. Bomba likiziba au kuni zikiwa mbichi, faida hiyo inapotea.

Mkaa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wengi wa mjini wanaamini mkaa ni hatua ya mbele kutoka kwenye kuni. Ni kweli hauna moshi wa kutoa machozi. Basi hapo ndipo hatari yake inapojificha.

Anza kule unakotoka. Kwenye tanuru la udongo, lile la kufukia magogo porini, kilo 100 za kuni kavu hutoa kilo 10 hadi 20 za mkaa. Zaidi ya nusu ya joto lililokuwa ndani ya gogo limeshapotelea porini kabla gunia halijafungwa. Familia inayopikia mkaa inatumia miti mingi kuliko familia inayopikia kuni zilezile kwenye jiko zuri, ila haiioni. Na miti yenyewe kwa sehemu kubwa si ya kupanda. Mkaa unaoingia sokoni Mbeya na Iringa hutoka zaidi kwenye miombo ya Chunya, Mbarali na nyanda kavu za Iringa, ambako mti wa miaka hamsini unaangushwa asubuhi moja. Njombe kuna mkaa wa miwati, nao ni afadhali kwa mbali. Ukiwa lazima ununue mkaa, muulize muuzaji ni wa mti gani. Wauzaji wenyewe wanajua.

Mchoma mkaa naye ni binadamu wa kuhesabiwa. Analala porini akilinda tanuru lisipasuke, anavuta moshi wote, na anapata sehemu ndogo ya bei unayolipa wewe. Wengi wanachoma kwa sababu mvua iligoma na shamba halikutoa kitu. Kupiga mkaa marufuku bila kumpa mtu huyu njia nyingine ya kupata ada ya mtoto ni kumlipisha yeye gharama ya sisi kupumua vizuri.

Sasa turudi ndani ya nyumba. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia mwilini inang'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, mpaka damu inashindwa kubeba oksijeni. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi. Aliyelala haamki kuzisikia. Kila msimu wa baridi, katika mikoa hii, zinasikika habari za familia au wanafunzi waliokutwa wamefariki chumbani, milango imefungwa, jiko la mkaa katikati ya chumba. Mara nyingi majirani hudhani ni sumu ya chakula au ushirikina. Ni jiko.

Na watu hawa hawakuwa wazembe. Walisikia baridi. Wamepanga chumba kimoja, dirisha limezibwa na nailoni, mablanketi hayatoshi, na mkaa wa kupikia chakula cha jioni bado ni mwekundu. Ukimwambia mtu "usiingize jiko chumbani" bila kumwambia ataota vipi, umempa amri, hujampa msaada. Vitu vinavyoongeza joto bila kuchoma chochote vipo: dari chini ya bati, mkeka mzito au zulia juu ya saruji, kuziba mianya ya mlango, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa miguuni. Dari hasa. Bati tupu la Makete linanyonya joto lote la chumba usiku.

Hata makaa yaliyofunikwa majivu, yanayoonekana kama yamezimika, bado yanatoa hewa hiyo. Kuacha dirisha nusu si kinga ya kutegemea.

Gesi ya mtungi

Kwa mapafu ya mpishi, gesi ni mbali sana na kuni na mkaa. Inawaka safi, haina masizi, na inampunguzia mwanamke saa za kuokota kuni. Wakala wa Nishati Vijijini (REA) imekuwa ikiuza mitungi ya kilo 6 kwa ruzuku vijijini, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, ambao unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamefikiwa ifikapo 2034, unaitegemea sana.

Wengi huchanganya gesi hii na ile ya Songo Songo na Mtwara. Ni vitu viwili. Gesi ya Songo Songo husafiri kwa bomba kwenda Dar na kwa sehemu kubwa huzalisha umeme na kuendesha viwanda. Ya kwenye mtungi huagizwa kutoka nje kwa meli, kisha inapanda kwa lori zaidi ya kilomita 800 hadi Mbeya. Kwa hiyo bei yake inaamuliwa mbali, na meli au barabara ikisumbua, mtungi unapotea dukani Mlowo au Makambako kabla haujapotea Kariakoo. Ni mafuta ya ardhini kama dizeli, ndiyo, yanatoa hewa ya ukaa. Lakini nikipima na miti inayookolewa na mapafu yanayookolewa, sioni sababu ya kumnyima mama wa Igurusi gesi kwa jina la hali ya hewa ya dunia. Hewa hiyo haikuchafuliwa na yeye.

Hatari yake ni kuvuja. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutulia chini sakafuni. Ukisikia harufu, usiwashe wala kuzima taa. Funga mtungi, fungua mlango, toka. Paka povu la sabuni kwenye maungio kila unapobadilisha mtungi.

Umeme jikoni

Jikoni, umeme ndio wenye madhara madogo kuliko vyote: hauna moshi wala kaboni monoksaidi. Kinachoutisha ni bei, na hofu hiyo imetokana na majiko ya koili, yale yanayokula uniti kama moto wa nyikani. Jiko la presha la umeme ni jambo jingine. Limezibwa, joto halitoki, na likishafika kiwango linajizima na kuwaka kwa vipindi. Sufuria ya maharage, ambayo kwenye mkaa inachukua saa mbili au tatu, huiva kwa chini ya uniti moja. Kwa nyumba za huku zinazopika maharage na makande kila wiki, hapo ndipo mkaa mwingi unapookolewa, kuliko kwenye chai au mayai.

Kuna jambo la bei ambalo mpishi anatakiwa kulijua. Mteja mdogo wa TANESCO anayetumia hadi uniti 75 kwa mwezi amekuwa akilipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Akizidi mara kwa mara anahamishiwa kwenye kundi la shilingi 292 kabla ya kodi. Ukianza kupika kila kitu kwa umeme unaweza kuvuka mstari huo, na uniti zote zikapanda bei, za taa na za kuchaji simu pia. Kwangu mimi huu ni mpango unaomwadhibu mtu kwa kuacha mkaa, na wanaopanga bei wangeutazama upya. Hadi hapo, piga hesabu ya uniti zako za mwezi kabla ya kununua jiko, kisha lipe kazi ya vyakula vigumu tu.

Umeme wenyewe unatoka wapi?

Aliyewasha swichi Iringa hana moshi, lakini gharama imelipwa mahali pengine. Jedwali hili linaonyesha vifo kwa kila uniti bilioni moja za umeme, vikiwemo vya ajali na vya hewa chafu, kwa hesabu zilizokusanywa na tovuti ya takwimu ya Our World in Data. Na gramu za hewa ya ukaa kwa uniti moja, tangu kujenga mtambo hadi kuufunga, kwa makadirio ya kati ya jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2014.

| Chanzo | Vifo kwa uniti bilioni 1 | Gramu kwa uniti 1 |
|---|---|---|
| Makaa ya mawe | 24.6 | 820 |
| Gesi asilia | 2.8 | 490 |
| Maji | 1.3 | 24 |
| Upepo | 0.04 | 11 |
| Nyuklia | 0.03 | 12 |
| Jua | 0.02 | 48 |

Uniti bilioni moja ni kiasi gani? Bwawa la Julius Nyerere kwenye Rufiji, lenye megawati 2,115, limebuniwa kutoa karibu bilioni 6 kwa mwaka.

Namba hizi ni za dunia, na zina mapengo. Vifo vya maji karibu vyote vimetokana na tukio moja: bwawa la Banqiao nchini China lilipobomoka mwaka 1975 na kuua watu wanaokadiriwa kufika 171,000. Ukiliondoa, maji yanalingana na upepo. Na jedwali linahesabu waliokufa tu. Aliyehamishwa akapoteza malisho, au mto uliokauka, havimo. Kwa nchi inayotegemea maji kama yetu, hilo ndilo pengo kubwa.

Maji: hadithi ya Ruaha na Kihansi

Ruaha Mkuu huanzia milima hii hii, Uporoto na Kipengere, hushuka Usangu, hupita kwenye ardhioevu ya Ihefu, huvuka Hifadhi ya Ruaha, hufika Mtera yenye mitambo ya megawati 80, kisha Kidatu yenye 204, na mwisho humwagika Rufiji. Mto mmoja unamwagilia mpunga wa Mbarali, unanywesha tembo, unafuga samaki wa Mtera na kuwasha taa Dar es Salaam. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya hifadhi, viboko wakibanana kwenye madimbwi.

Ukame wa 2006 ulipoleta mgao mkali wa umeme, vidole vilielekezwa kwa wafugaji wa Ihefu. Mwaka huo na uliofuata waliondolewa na ng'ombe wao, wengi wakaswagwa safari ndefu hadi mikoa ya kusini na pwani. Mifugo mingi ilikufa njiani, na familia zilifilisika. Mwaka 2008 bonde hilo likaingizwa ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Ila watafiti waliopima maji ya Usangu kabla ya hapo walikuwa wameshaonyesha kwamba mto unakauka kiangazi hasa kwa sababu ya maji yanayochepushwa kwenda kwenye mifereji ya umwagiliaji, mengine yakizunguka kwenye majaruba yasiyo na zao. Na Mtera hujazwa na mafuriko ya masika. Mtiririko wa kiangazi ni sehemu ndogo. Mfugaji alilipishwa deni ambalo kwa sehemu kubwa halikuwa lake. Naiweka habari hii kwenye ulinganisho wa nishati kwa makusudi: umeme wa maji unaitwa safi, na kwa hewa ni safi, lakini kule Usangu usafi huo ulifanywa sababu ya kumfukuza mtu asiye na wa kumsemea.

Kihansi ni upande mwingine. Pale ambapo Nyanda za Juu zinaporomoka kuelekea Kilombero, mto huanguka takriban mita 850, na mtambo wa megawati 180 unautumia mteremko huo tangu karibu mwaka 2000. Bwawa ni dogo sana. Kwa kipimo cha ardhi iliyofunikwa, huwezi kupata umeme nafuu zaidi. Mtera, kwa megawati pungufu ya nusu, ikijaa hufunika zaidi ya kilomita za mraba 600. Lakini maji yalipoingizwa kwenye handaki, maporomoko yalikosa rasharasha, na chini yake aliishi chura mdogo wa manjano aliyegunduliwa mwaka 1996, anayezaa watoto walio hai, katika eneo la hekta mbili tu duniani kote. Vyura karibu 500 walipelekwa Marekani kufugwa, huku bomba za kunyunyizia maji zikifungwa korongoni. Ugonjwa wa kuvu ukawashambulia waliobaki, na mwaka 2009 chura wa Kihansi akatangazwa kutoweka porini. Kizazi cha wale wa Marekani kilirudishwa Tanzania mwaka 2010, na mwaka 2012 wakaachiwa korongoni. Wapo waliokasirika kwamba fedha zinatumika kwa vyura. Mimi naona fundisho la kihandisi: mazingira yangechunguzwa kwa kina kabla ya kuchora mtambo, kuacha maji kidogo yapite kungegharimu sehemu ndogo ya yote hayo.

Njombe na Makete zinangojea miradi mingine, Ruhudji ya megawati 358 na Rumakali ya 222. Wanaoishi huko wana haki ya kuuliza habari za Usangu na Kihansi mapema.

Kwa upande wa mitambo midogo, picha ni tofauti kabisa. Mwenga, Mufindi, mtambo wa megawati 4 umekuwa ukitoa umeme tangu 2012 na kuusambaza kwa vijiji vinavyouzunguka. Mawengi, Ludewa, mtambo wa kilowati 300 hivi unahudumia vijiji vya jirani. Maji yanachepushwa mita chache, yanazungusha mashine, yanarudi mtoni. Anayeuharibu msitu wa chanzo anazima taa yake mwenyewe, na kila mtu kijijini anamjua.

Makaa ya mawe

Tunayo mengi: Kiwira, Mchuchuma kule Ludewa, Ngaka kule Mbinga. Kiwira ilianza kuchimbwa kwa njia ya mashimo ya chini mwaka 1988 kwa msaada wa China. Tangu serikali izuie kuagiza makaa kutoka nje mwaka 2016, viwanda vya saruji vya nchini vimetumia ya kwetu, na malori yake ni sehemu ya maisha ya barabara za Songea na Njombe.

Hoja ya kuyatumia ina uzito: ni ya kwetu, hayakauki kiangazi, na yanatoa ajira Ileje na Ludewa. Lakini tazama jedwali. Mtambo wa makaa unaua polepole, kwa moshi unaosafiri makumi ya kilomita, na anayekufa hajui kilichomuua. Mchimbaji anavuta vumbi. Maji yanayotoka mgodini yanaweza kubeba tindikali hadi mitoni, na mito ya Kiwira na Songwe inaishia Ziwa Nyasa, kwenye mpunga na kakao ya Kyela. Watu wa Mchuchuma walisubiri fidia miaka mingi, wamezuiwa kuendeleza mashamba yao, kabla jiwe moja halijachimbwa kwa ajili ya umeme. Kusubiri huko nako ni gharama.

Siku hizi STAMICO, shirika la madini la serikali, inayafinyanga makaa haya kuwa vipande vya kupikia. Vinaokoa miti, na hilo nalithamini kwa shule zinazopika nje kwenye jiko lenye bomba. Kwa chumba cha kupanga cha Makambako mwezi wa saba, nayaogopa kwa sababu ileile ya mkaa wa miti: kupungua kwa moshi hakuondoi kaboni monoksaidi. Makaa ghafi yasiyofanyiwa chochote Shirika la Afya Duniani lilishauri tangu 2014 yasitumike majumbani kabisa.

Vinavyokuja: jotoardhi, upepo, jua, urani

Jotoardhi, yaani umeme wa joto la chini ya ardhi, ndiyo inayonipa matumaini zaidi. Rungwe ni mlima wa volkano, Ziwa Ngozi ni kreta, na Songwe kuna chemchemi za maji moto. Kampuni ya umma ya TGDC imekuwa ikichunguza Ngozi na Kiejo-Mbaka. Umeme wake hautegemei masika, unatoka usiku na mchana. Wakenya wanauzalisha Olkaria tangu 1981, na wametuachia somo la kujifunza: uchafuzi ulikuwa mdogo, ugomvi mkubwa ulikuwa wa ardhi ya Wamasai waliohamishwa. Kwa Ngozi jambo la kulinda ni msitu, kwa sababu Safu ya Uporoto ni chanzo cha maji ya watu wengi.

Upepo tayari upo: mitambo ya Mwenga kule Mufindi, megawati 2.4, tangu 2020. Hutoa zaidi kiangazi, maji yanapopungua, na hivyo viwili hufaana. Sola imeshafuta vibatari kwenye nyumba nyingi, na pamoja na vibatari watoto wengi wameepuka kuungua. Haiwezi kupikia maharage kwa bei ya mtu wa kawaida. Betri kuukuu zisivunjwe nyumbani kuyeyusha madini ya risasi yaliyomo. Madini hayo hudumaza akili za watoto.

Urani ya Mto Mkuju, Namtumbo, ni ya kuuzwa nje kwa sasa, haiwashi taa ya mtu Songea. Vinu vya nyuklia ni salama kuliko vinavyosikika. Kinachotuhusu sisi ni mgodi: mabaki yake na maji, katika eneo ambalo mwaka 2012 lilimegwa kutoka Pori la Akiba la Selous.

Sasa uchague nini?

Mpangaji wa chumba kimoja Mbeya au Mafinga: gesi ya kilo 6 kwa vyakula vya haraka, jiko la presha la umeme kwa maharage, na fedha ya mkaa wa miezi miwili ya baridi igeuze kuwa blanketi zito. Mkaa ukibaki, ubaki nje.

Familia ya kijijini Makete au Mufindi yenye miti yake: usione aibu ya kuni. Jenga jiko banifu lenye bomba la moshi, weka jiko hilo kwenye jengo mnaloota jioni ili joto lisipotee, kausha kuni msimu mzima, na kila mtu alale chumba kingine. Hili kwangu linashinda mkaa kwa kila kipimo: afya, msitu na mfuko. Gesi iwe ya asubuhi na ya mgonjwa.

Shule au kituo kinacholisha zaidi ya watu 100 kimeshaagizwa kuacha kuni na mkaa. Anzeni na gesi ya mitungi mikubwa au majiko makubwa ya presha ya umeme kama njia tatu za umeme zinafika. Makaa yaliyofinyangwa yawe ya muda tu, jikoni mwenye bomba la moshi, mbali na mabweni. Na mablanketi ya mabweni yaingie kwenye bajeti hiyohiyo ya nishati.

Halmashauri ya kijiji inayoletewa mwekezaji: kwa mpangilio wangu, mtambo mdogo wa maji kwanza, kisha upepo au jotoardhi, bwawa kubwa kwa masharti, makaa ya mawe mwisho. Kabla ya kugonga muhuri, muhtasari wa mkutano uandike majibu ya haya: ni maji kiasi gani yataachwa mtoni mwezi wa kumi, nani atayapima na tutamwonaje, fidia inalipwa lini, na ikichelewa mwaka mmoja thamani inahesabiwaje upya, na nguzo za umeme zitafika kitongoji kipi kabla mtambo haujaanza kuuza kwenye gridi.